Sheria Isiyo na Askari

Sheria ziko za namna mbili duniani. Ziko zile ambazo watu huzitunga wenyewe, wakaziandika vitabuni, wakaweka askari wa kuzilinda na mahakimu wa kuwahukumu wanaozivunja. Sheria hizi ni njema na za lazima, lakini zina udhaifu mmoja: mtu aweza kuzivunja gizani, asionekane, akalala usingizi wake mpaka asubuhi. Ziko na sheria nyingine ambazo hapana mtu aliyezitunga. Watu walizikuta tu, na iliwachukua maelfu ya miaka kuzifahamu. Hizi hazina askari, hazina mahakama, wala hazina faini. Walakini hajatokea aliyeweza kuzivunja, mfalme wala maskini, mjuzi wala mjinga. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, habari za sheria chache za namna hii ya pili, yaani sheria za nguvu na mwendo, kama nilivyozitambua hapa Shirere ninapokaa, ukingoni mwa mji wa Kakamega.

Yamkini utasema kwamba sheria za fizikia hukaa katika maabara, kati ya mizani na chupa za kioo. Mimi nasema kwamba hukaa barabarani. Ukitembea asubuhi moja kutoka Shirere kwenda mjini utaona mikokoteni inayosukumwa kwa jasho, akina mama waliobeba mizigo vichwani bila ya kuishika, watoto wanaokimbiza mpira, na pikipiki zinazopita kama mishale. Kila mmoja wa hawa ni mwanafunzi wa sheria za mwendo, ajue asijue. Tofauti yao ni kwamba wengine hulipa karo ya somo hili kwa daftari na kalamu, na wengine hulipa kwa mifupa yao.

Tuanze na nguvu. Nguvu, ambayo vitabu vya sayansi huiita pia kani, ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine. Nguvu yaweza kukiondoa kitu mahali kilipokaa, kukisimamisha kikienda, kukigeuza njia, au kukibadili umbo. Lakini si kila palipo na nguvu pana mwendo. Ukitoka Kakamega kwa barabara ya Kisumu utaliona jiwe la Ilesi, ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi na wageni huliita Jiwe Liliaalo, kwa sababu ya maji yanayotiririka juu yake kama machozi. Ni nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 40 hivi, na juu yake limekaa jiwe jingine kubwa mfano wa kichwa juu ya shingo. Mtazamaji hudhani kwamba pale juu hapana jambo linalotendeka. Yakini liko. Dunia yalivuta lile jiwe la juu kwa nguvu kubwa mno, na nguzo iliyo chini yalisukuma kwenda juu kwa nguvu iliyo sawa na hiyo. Nguvu mbili zimekabana, hapana iliyoshinda, basi jiwe limetulia. Utulivu, kwa hiyo, si ukosefu wa nguvu. Aghalabu ni mapatano ya nguvu zinazopingana.

Hata hivyo, ule utulivu wa jiwe la Ilesi ni utulivu kwa macho yetu tu. Kakamega iko karibu sana na ikweta, kiasi cha kilometa 30 hivi kaskazini yake. Dunia hujizungusha mara moja kila siku, na mahali palipo karibu na ikweta hupelekwa mashariki kwa mwendo wa karibu kilometa 1,670 kwa saa. Mwanafunzi aliyekaa darasani Shirere, akiwa amekunja mikono, anakwenda kasi kupita ndege ya abiria. Mwenzake aliye London huenda kiasi cha kilometa 1,040 tu kwa saa, kwa kuwa mzunguko wa huko ni mfupi. Mbona basi hatusikii upepo wa safari hiyo, wala hatushiki madawati kwa hofu? Ni kwa sababu hewa, madawati, miti na jiwe la Ilesi vyote vinakwenda pamoja nasi kwa mwendo uleule, tena mwendo huo hauongezeki wala haupungui, na njia yake hugeuka polepole mno. Mwili wa mwanadamu hauna kiungo cha kutambua mwendo. Hutambua mabadiliko ya mwendo tu. Tafadhali likumbuke neno hili, maana ndilo ufunguo wa mengine yote.

Watu wa kale hawakulijua. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi tangu mwaka 384 mpaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu hakiendi ila kiwe kinasukumwa, na msukumo ukikoma mwendo nao hukoma. Usimcheke. Msukuma mkokoteni wa Kakamega angemwunga mkono kwa kiapo, kwani akiuachia mkokoteni wake katika tambarare, husimama baada ya hatua chache. Fundisho hilo lilikaa karibu miaka elfu mbili. Wako walioanza kulitilia shaka, mmoja wao akiwa Ibn Sina, mganga na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980. Yeye aliandika kwamba kitu kilichorushwa hupewa elekeo ambalo hubaki ndani yake, wala haliishi ila kwa kupingwa na kitu cha nje. Baadaye Galileo wa Italia alivingirisha mipira juu ya mbao zilizoinamishwa, akaona kwamba kadiri njia inavyokuwa laini ndivyo mpira unavyokwenda mbali. Akajiuliza: je, njia ikiwa laini kabisa, mpira utasimamishwa na nini? Jibu ni kwamba hautasimama.

Galileo alikufa mwaka 1642, na katika siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, alizaliwa Isaac Newton. Huyu ndiye aliyekusanya mawazo yote hayo katika kitabu alichokitoa kwa Kilatini mwaka 1687, akaziandika sheria tatu za mwendo. Sheria ya kwanza yasema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile na katika mstari ulionyoka, mpaka nguvu ya nje ikilazimishe kubadili hali. Mkokoteni hausimami kwa sababu umechoka kwenda. Husimamishwa na msuguano wa magurudumu na wa ardhi. Tabia hii ya vitu ya kushikilia hali yake huitwa inesha. Umeisikia mara nyingi ndani ya matatu: dereva akikanyaga breki ghafula, gari hupungua mwendo, lakini mwili wako haujapata habari hiyo, huendelea na safari, ukajikuta unakikumbatia kiti cha mbele. Hapana aliyekusukuma mbele. Ulikuwa ukienda mbele tangu awali, na hapakuwa na nguvu ya kutosha ya kukuzuia.

Sheria ya pili yatwambia ni kiasi gani cha nguvu kinachohitajika ili kubadili mwendo. Mtazame tena msukuma mkokoteni. Tuseme mkokoteni mtupu una kilo 100. Atauondoa kwa wepesi, na katika hatua chache utakuwa unakwenda. Mpakilie magunia manne ya mahindi, kila moja kilo 90. Sasa ana kilo 460, na kwa msukumo uleule atauongezea kasi kwa polepole zaidi ya mara nne. Hilo wote hulijua. Wasilolikumbuka wengi ni kwamba sheria hiyo ina pande mbili kama sarafu: mzigo uliokuwa mgumu kuondoka utakuwa mgumu vilevile kusimama. Ndiyo maana mtu huyo akifika mteremkoni huacha kusukuma, akaanza kujiegemeza nyuma kwa nguvu zake zote. Na wengine hufunga nyuma ya mkokoteni kipande cha tairi kuukuu cha kuburuzwa ardhini, kiwe breki. Hajasoma kitabu cha Newton, lakini ameisoma sheria.

Sheria ya tatu yasema kwamba kila kitu kinapokisukuma kingine, husukumwa nacho kwa nguvu iliyo sawa na iliyoelekea upande wa pili. Kwa sheria hii sina mfano bora kuliko mchezo mkubwa wa nchi hii, kupiganisha fahali. Waisukha na Waidakho, watu wa Shinyalu, Khayega na Ikolomani, huwalisha na kuwatunza fahali wao kama watoto, wakawaleta uwanjani kwa nyimbo na firimbi. Fahali wawili hugonganisha vichwa, pembe zikashikana, na watu wakapiga kelele. Sasa fikiri, msomaji. Sheria ya tatu yasema kwamba fahali wa kwanza amsukumapo wa pili, wa pili naye amsukuma wa kwanza kwa nguvu iliyo sawasawa, isiyozidi wala kupungua hata kidogo. Kama ni hivyo, mmoja hushindaje?

Swali hili limewatatiza wanafunzi wengi, na jibu lake haliko vichwani mwa fahali bali miguuni. Kila fahali hukanyaga ardhi na kuisukuma nyuma, na ardhi humsukuma yeye mbele kwa njia ya msuguano. Fahali ambaye kwato zake zimeshika barabara hupata kutoka ardhini nguvu iliyo kubwa kuliko ile anayosukumwa nayo na adui, basi husonga mbele. Yule ambaye kwato zake zinateleza hupata nguvu ndogo, basi hurudi nyuma, hata akiwa na shingo nene kama gogo. Vita vya fahali ni vita vya nani anayeshikwa vema na ardhi. Na hivyo ndivyo kila kiendacho juu ya nchi kinavyokwenda. Mimi nikitembea, nausukuma udongo nyuma, nao wanisukuma mbele. Gurudumu la pikipiki laisukuma barabara nyuma, na barabara yalisukuma mbele. Wakati wa kusimama mambo hugeuka: gurudumu huiomba barabara ilizuie, na barabara huzuia kwa kadiri ya msuguano uliopo. Breki peke yake haisimamishi pikipiki. Ikiwa msuguano haupo, breki ni mapambo.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama na wewe kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa jambo hili si la mtihani tu. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu walikuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa pikipiki, nayo imekuwa riziki ya vijana wengi na msaada mkubwa kwa wagonjwa, wakulima na wanafunzi. Siilaumu kazi hiyo, kwani mimi mwenyewe huipanda. Lakini hapa kwetu mvua ni nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na aghalabu hunyesha alasiri, saa ambazo wanafunzi wanarudi nyumbani. Njia za udongo huwa kama zimepakwa sabuni. Siku moja kama hiyo mwana wa jirani yangu, mvulana wa kidato cha pili, alipanda pikipiki akiwa abiria wa tatu. Mbuzi akakatiza njia. Pikipiki ikasimama kwa kupinduka, lakini mvulana hakusimama. Aliendelea na safari ile peke yake, kama sheria ya kwanza inavyoamuru, mpaka ukingo wa mfereji ulipompokea. Alipona, tunashukuru, lakini muhula mzima aliupitisha kitandani, na kwa muda mrefu alitembea kwa magongo. Tulipokwenda kumpa pole, mzee mmoja alitikisa kichwa, akasema, "Ajali haina kinga." Wote tukanyamaza, maana methali ikitajwa penye huzuni huwa kama hukumu.

Naiheshimu methali hiyo, lakini nimeifikiri sana tangu siku ile. Tufanye hesabu pamoja. Mtu anayekwenda kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 na zaidi kwa sekunde moja. Akimwona mbuzi, macho yake, akili yake na mkono wake huhitaji kama sekunde moja kabla ya breki kushika; basi zile mita 8 zimekwisha kupotea. Katika barabara kavu ya lami, breki njema huhitaji mita 7 hivi nyingine. Jumla ni mita 15. Sasa mwendo na uwe kilometa 60 kwa saa. Mita za kufikiri huwa maradufu, karibu 17. Na mita za breki je? Wengi hujibu 14. Siyo. Ni kama 28. Sababu yake ni hii: kwa mwendo maradufu breki huhitaji muda maradufu ili kuumaliza, na katika kila sekunde ya muda huo pikipiki hupita umbali maradufu, mbili mara mbili ni nne. Jumla ni mita 45, mara tatu ya zile za kwanza. Na mvua ikiwa imenyesha, msuguano ukapungua kuwa nusu, mita za breki huongezeka tena maradufu, na yule wa kilometa 60 huhitaji mita 70 na zaidi. Mbuzi hajui hesabu hii, wala hataweza kumpa muda.

Fikiri pia juu ya kishindo chenyewe. Kugonga kitu kigumu kwa kilometa 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu, yaani kama kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kugonga kwa kilometa 60 ni sawa na kuanguka kutoka mita 14, juu ya nyumba ya ghorofa nne. Hapana mtu mwenye akili ambaye angekubali kukaa ukingoni mwa ghorofa ya nne, asiye na cha kujishikia, kwa sababu tu ana haraka. Walakini kila siku watu hukaa hapo, wakilipa nauli.

Na kofia ngumu ya pikipiki, ambayo vijana huiona ni joto na adha, kazi yake ni nini? Mtazame mlinda mlango hodari anapoudaka mpira uliopigwa kwa nguvu: huirudisha mikono yake nyuma kidogo, mpira ukatulia pole. Angeikaza mikono, ungemwumiza. Kadiri kitu kinavyosimamishwa katika umbali mrefu zaidi, ndivyo nguvu inayokisimamisha inavyokuwa ndogo. Kichwa kitupu kikikutana na jiwe husimama katika milimita chache. Ndani ya kofia ngumu mna utando mnene mwepesi ambao hubonyea, ukakipa kichwa sentimeta mbili hivi za kusimamia. Sentimeta mbili ni upana wa kidole gumba. Upana huo mara nyingi ndio uliokaa kati ya mtu na kaburi lake.

Sheria ya barabara ya Kenya humkataza mwendesha pikipiki kuchukua abiria zaidi ya mmoja, tena huwataka wote wawili wavae kofia ngumu. Watu wengi huidhani ni sheria ya askari: askari akiwapo huifuata, akiondoka huiacha. Mimi naiona kuwa ni tafsiri tu ya sheria nyingine iliyo ya zamani kuliko askari, kuliko serikali, na kuliko barabara zenyewe. Aliyetunga ile ya kwanza alikuwa akijaribu kutuonya juu ya ile ya pili. Askari aweza kusinzia, aweza hata kupewa kitu kidogo akatazama kando. Inesha haisinzii, wala haipokei.

Basi methali ya yule mzee naifahamu hivi: ajali haina kinga kwa asiyejua ni nini kinachomwumiza. Hatuwezi kumzuia kila mbuzi asikatize njia, wala kuizuia mvua ya Kakamega isinyeshe. Lakini mwendo uko mkononi mwa mtu, idadi ya abiria iko mkononi mwa mtu, na kofia iko mkononi mwa mtu. Hizo ni kinga tatu, na zote zimetoka katika somo ambalo wengine hulichukia kwa kuwa lina hesabu.

Nakuomba jambo moja, mwanafunzi. Chukua kamba siku ya Jumamosi, wewe na wenzako, mwende uwanjani. Simikeni kijiti, mpime mita 15 kutoka hapo, msimike cha pili. Mpime mita 45 kutoka kile cha kwanza, msimike cha tatu. Kisha mita 72, msimike cha nne. Simama penye kijiti cha kwanza uvitazame vile vingine kwa kitambo. Tarakimu zilizokuwa wino katika daftari zitakuwa ardhi mbele ya macho yako, na utaona jinsi ya nne ilivyo mbali. Halafu, siku utakayopanda bodaboda alasiri ya mvua, ukiwaona watoto au mifugo kando ya njia, mwambie mwendeshaji kwa adabu, "Kaka, tafadhali punguza mwendo." Maneno hayo hayana gharama, nawe utakuwa unayajua maana yake kwa mita.